Kabla ya kupandisha picha za wanafunzi kwenye tovuti ya shule

Walimu wenzangu wa Lamu, picha za watoto wakipiga matari siku ya Maulidi zinapendeza, lakini pateni kwanza idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inadai hivyo. Ichukueni kwa maandishi.

Kisha ikuzeni picha muitazame vizuri: beji yenye jina kifuani, daftari lililofunguliwa, orodha ya alama za mtihani ukutani nyuma yao. Hapo ndipo siri za mtoto huvujia. Kateni sehemu hiyo. Jina kamili lisiandikwe chini ya sura yake. Zimeni pia huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, maana faili la picha huweza kuonyesha ilipopigwa. Mzazi akibadili nia, iondoeni siku hiyo hiyo.