Siti za gari la zamani: anza na chuma, kava baadaye

Siti ikichanika, macho hukimbilia reksini. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, iwe Mikindani, Shangani au Lindi mjini, tundu la juu ni jambo dogo. Igeuze siti yenyewe. Utakuta unga mwekundu wa kutu kwenye springi, gunia lililolika likabaki nyuzi, na sponji iliyogeuka makombo. Hewa ya chumvi huingia kwa chini, ambako hakuna kava, ikakaa kwenye gunia lenye unyevu na kula chuma taratibu. Ukivika kava jipya juu ya hali hiyo, ncha ya springi iliyokatika italitoboa, na hela ya reksini imekwenda bure. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu vitu ambavyo kazi ikiisha havionekani tena.

Tunazungumzia siti za springi za magari ya miaka ya 1960 na 1970, kama Volkswagen Beetle na wenzake wa rika hilo. Siti ya Land Rover ambayo mto wake umekaa juu ya ubao ni rahisi zaidi: ruka hatua za springi, badili ubao ulioliwa kwa plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote, kisha endelea na sponji. Siti za magari ya sasa zenye eabegi ubavuni usiziguse kwa njia hii.

Kama una nafasi ya kuchagua, fanya kazi kati ya Juni na Oktoba. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika kipindi hicho rangi haikauki vizuri, gundi hushika unyevu ikawa nyeupe kama maziwa, na gunia halikauki hata ukilianika siku mbili.

Kutoa siti na kuvua kava

Tenganisha betri kwanza. Kwenye Beetle betri iko chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia, na spana ikigusa chuma na nguzo ya betri kwa pamoja utaona moto. Boliti zilizoganda zimwagie dizeli jioni na kuzifungua asubuhi. Ukilazimisha papo hapo zitakatika shingo.

Piga picha kwa simu kila upande kabla ya kukata chochote, hasa chini, pale kava linapofungwa. Kava la zamani limeshikwa na pete ndogo za waya, na kwenye mapindo yake kuna fimbo nyembamba za chuma. Fungua pete kwa plaizi moja baada ya nyingine, na fimbo zihifadhi, kwa kuwa ndizo zitakazovuta kava jipya likae sawasawa. Kava lenyewe usilirarue hata kama limechakaa kiasi gani. Hilo ndilo ramani yako.

Fremu na springi

Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, umalizie na 120. Osha kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, anika juani mpaka chuma kiwe cha moto mkononi, halafu paka rangi ya redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Acha saa 24 kati ya mkono na mkono, na siku mbili kabla ya kufunika. Rangi mbichi iliyofunikwa na gunia hunata na kubanduka, na kutu huanzia hapohapo.

Mabomba ya fremu huoza kwa ndani. Gonga kila bomba kwa mpini wa bisibisi: penye sauti ya kufa, bonyeza kwa ncha kali. Likitoboka, likate na uchomelee kipande kipya sasa, kabla kitu chochote kinachoshika moto hakijarudi karibu. Mabomba yaliyo mazima yamwagie oili kidogo kupitia matundu yake, uzungushe fremu, kisha uiache ichuruzike siku nzima.

Springi, kinyume chake, haichomelewi. Moto hulainisha chuma cha springi kikapoteza ukali wake, na siti itakatika tena sentimita moja pembeni ya pale ulipounga. Tafuta springi ya unene uleule kwenye siti iliyotupwa gereji, ipachike mahali pa ile mbovu na uifunge kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu kila mguso, ncha za waya zikielekea chini.

Kisha fungamanisha springi zote kwa kamba ya katani ya unene wa milimita 4 hivi. Anzia kwenye fremu ya nyuma, piga fundo kila springi inapopita kamba, fika mbele, funga. Rudia kutoka kushoto kwenda kulia. Kila springi ibonyee sentimita 2 au 3 kabla ya fundo, zote kimo kimoja. Kamba ya nailoni inavutia kwa kuwa haiozi, lakini mafundo yake huteleza na siti hulia kila gari linapopita shimo.

Gunia na usumba

Juu ya springi panahitaji kitu kigumu kitakachozuia sponji isisagwe na waya. Hapa kusini jibu liko kila mahali: gunia la korosho la nyuzi za juti, lililotumika lakini halijatoboka. Gunia moja lililopasuliwa latosha siti moja ya mbele, mikunjo miwili. Lifue na ulikaushe kabisa. Gunia la plastiki halifai, maana hukatwa na springi na kupiga kelele kama majani makavu. Livute likaze, likunje kingo sentimita 3, na ulishone kwenye springi za pembeni na fremu kwa sindano ya magunia, mshono mmoja kila sentimita 4.

Siti nyingi za Beetle zilitoka kiwandani zikiwa na tandiko la nyuzi za nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Mkazi wa Lindi au Mtwara anayo bahati ambayo wenzake wa bara hawana: usumba, yaani nyuzi hizo za makumbi ya nazi, unapatikana. Tatizo lake ni moja tu, na ni kubwa. Makumbi hulowekwa kwenye maji ya bahari ili yalainike kabla ya kupondwa, kwa hiyo usumba huja na chumvi yake. Ukiujaza hivyohivyo, umerudisha bahari juu ya springi ulizozisafisha kwa siku tatu. Usuuze kwa maji baridi mara tatu, ukiukamua kila mara, na maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na ladha ya chumvi, suuza tena. Kausha siku mbili tatu, kisha uuchambue kwa vidole kama sufi ya godoro, ukitoa vumbi na vipande vigumu vya ganda.

Tandaza unene wa sentimita 4 sawasawa, katikati pazidi kidogo. Pitisha uzi imara kutoka juu hadi chini ya gunia na kurudi, mshono mrefu kila sentimita 8, uvute mpaka usumba ushuke kufikia sentimita 2. Usiposhona, usumba utahamia pembeni na mtu atakalia chuma. Bonyeza kwa kiganja kila mahali. Ukisikia waya, ongeza.

Sponji

Chukua sponji ngumu nzito, si ya mto wa kochi. Ibonyeze kwa kidole gumba: nzuri hurudi mara moja, dhaifu huacha shimo kwa muda. Kama umeweka usumba, sentimita 5 kwa kikalio zinatosha. Bila usumba weka 8 hadi 10, na mgongo 5. Ikate ikiwa kubwa kuliko umbo la siti kwa sentimita 1 kila upande, ili kava litakapovikwa libanwe kutoka ndani. Paka gundi pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi, hewa ya thina hunaswa ndani na gundi haishiki.

Kukata kava

Hapa ndipo reksini nyingi huharibika. Kabla ya kufumua kava la zamani, andika namba kwa kalamu nyuma ya kila kipande, chora mshale wa kuelekea mbele, na piga mistari midogo inayovuka mshono kila sentimita 10, igawanyike vipande viwili vikitengana. Mistari hiyo ndiyo itakayokuonyesha wapi kinakutana na wapi wakati wa kushona. Fumua kwa wembe, nyuzi tu.

Siti ya dereva huwa imevutika upande wa mlango, pale anapoingilia na kutokea. Usiifuate. Chukua vipimo kwenye siti ya abiria na ugeuze mchoro, kushoto kuwe kulia. Kunja kila kipande katikati uone kama nusu mbili zinalingana, kisha chora kwenye boksi gumu. Angalia pia kama ukingo wa mshono bado upo kwenye kipande cha zamani. Ukiongeza ukingo mwingine juu ya ule uliopo, kava zima litapwaya. Ukingo unaotakiwa ni milimita 12.

Reksini nyingi huwa na upana wa karibu sentimita 140. Siti mbili za mbele zinataka mita 3, benchi la nyuma mita nyingine 3. Vuta kitambaa kwa mikono kabla ya kukata: upande unaovutika ukae kushoto kwenda kulia kwenye siti.

Kama siti ina mifereji ya kusimama, usikate kipande kwa vipimo kwanza. Shona mifereji kwenye reksini kubwa iliyowekewa sponji ya sentimita 1 na kitambaa cha amerikani kwa nyuma, ndipo uweke mchoro juu na kukata. Kila mstari wa mshono hula milimita kadhaa. Mifereji kumi ikishonwa kwenye kipande kilichokwisha katwa, kitapungua kiasi cha kutofika ukingoni.

Kushona na kuvika

Cherehani ya miguu inaweza, ukiizungusha gurudumu kwa mkono penye tabaka nyingi. Tumia sindano namba 18, uzi mnene wa polista, na hatua ya mshono ya milimita 4 au 5. Mshono mfupi huitoboa reksini kama karatasi ya stempu na itachanika kwenye mstari huo. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Kiguu cha cherehani kikinata, pulizia poda ya mtoto. Kila mara anzia katikati ya kipande kwenda pembeni, na kwenye pembe za mviringo kata ukingo kwa mkasi milimita 6 kuelekea mshono, kila sentimita 1.

Siku ya kuvika, tandaza kava juani saa sita mchana kwa dakika 20. Reksini yenye joto hulainika na kukubali pembe. Iliyopoa hupasuka kwenye mshono. Funga katikati ya mbele, kisha katikati ya nyuma, kisha ubavu mmoja mmoja, pembe mwisho. Kunyanzi likijitokeza pembeni, usivute kwa nguvu zaidi. Fungua, ongeza kipande cha sponji chini yake, funga tena.

Baada ya wiki mbili za kukaliwa, sponji itashuka kidogo. Kaza pete zilizolegea, na wakati siti ya nyuma ya Beetle iko nje, hakikisha kifuniko cha betri kipo na hakijapasuka. Springi ikishuka chini ya uzito wa watu watatu na kugusa nguzo, usumba ulioukausha kwa makini namna ile huwaka haraka kuliko mtu anavyoweza kushuka garini.