Kupima mlango wa kizazi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua

Mwanamke aliyefikisha miaka 30 ambaye hajawahi kupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, au ambaye tarehe yake ya kurudi imeangukia katikati ya ujauzito, hujiuliza apime sasa au asubiri. Ikiwa hana dalili yoyote na hajawahi kupata majibu yenye kasoro, ni afadhali asubiri, kwa kuwa katika ujauzito mlango wa kizazi hulainika, hujaa damu na kubadilika rangi, hata mpimaji mzoefu akapata tabu ya kutofautisha mabadiliko ya mimba na ya ugonjwa. Hofu ya kwamba kipimo huharibu mimba haina msingi. Kinachoweza kutokea ni matone machache ya damu.

Wapo wasiopaswa kusubiri. Mjamzito anayetokwa damu aende kituoni siku hiyohiyo, na baada ya wahudumu kuhakikisha kwamba kondo la nyuma halijaziba njia, aombe mlango wa kizazi nao uangaliwe. Aliyewahi kupata majibu yenye kasoro aseme katika hudhurio la kwanza la kliniki, akiwa na karatasi yake mkononi, maana kadi ya wajawazito peke yake huenda isionyeshe habari hiyo. Daktari anaweza kuuchunguza mlango wa kizazi kwa darubini maalumu bila kumdhuru mtoto, lakini matibabu ya dalili za awali kwa kawaida huahirishwa hadi baada ya kujifungua, kwani huchukua miaka kugeuka saratani. Panaposhukiwa saratani yenyewe, rufaa haingoji.

Baada ya kujifungua, subiri wiki 12 ili kizazi kirudi katika hali yake. Hapa ratiba ya chanjo ya mtoto inasaidia: Tanzania mtoto hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, na hudhurio hilo la wiki 14 ndilo ninalolipendekeza kwa kipimo cha mama. Uliza mapema, kwenye lile la wiki 10, kama kituo hicho kinapima na kwa siku zipi, kisha mwombe dada au shangazi akusindikize, ampakate mtoto. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anahitaji kupimwa.

Kwa siku mbili kabla ya kipimo usifanye tendo la ndoa, usiweke dawa ukeni wala usijisafishe kwa ndani. Ukiwa hedhini, omba siku nyingine. Kunyonyesha huleta ukavu ukeni, hivyo mwambie muuguzi mapema ili atumie kifaa kidogo. Katika kipimo cha siki, ambacho ndicho kimezoeleka katika vituo vyetu, utakojoa kwanza, utalala chali na kanga magotini, kisha muuguzi atapaka siki nyepesi kwa pamba na kusubiri dakika moja. Utahisi ubaridi, pengine kuwashwa kidogo. Sehemu ikigeuka nyeupe, mara nyingi hutibiwa kwa joto siku ileile. Baada ya hapo majimaji hutoka kwa wiki kadhaa, na tendo la ndoa husimama kwa wiki 4 hivi, ingawa kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, husubiri maabara, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana. Ukiambiwa una kirusi, hujaambiwa una saratani: ni wito wa kurudi kuangaliwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hiki kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kianze katika miaka 25 na kurudiwa kila miaka 3 hadi 5. Aliyetibiwa hurudi baada ya mwaka 1, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi kabla hujatoka chumbani.