Kagua fomu kwa kalamu kabla programu haijaandikwa

Mimi huchora kurasa za huduma za mtandaoni hapa Kisumu. Mchoro hauendi kwa waandishi wa programu kabla sijaupitia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikiwa mezani. Kazi niliyo nayo sasa ni ukurasa wa kuweka miadi wa kliniki moja ya Kondele, basi tuitumie hiyo.

Chapisha fomu, ushike kalamu. Kwa kila swali jiulize: jibu hili litasomwa na nani, na atalifanyia nini? Rasimu ya kliniki ilitaka jina, simu, nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na sababu ya kuja. Karani anayepanga foleni anahitaji jina, simu na saa. Kitambulisho kitaonyeshwa mapokezi. Dini na ndoa nilizifuta: sheria inataka ukusanye kinachohitajika tu, tena zote mbili inazihesabu kuwa data nyeti, sawa na hali ya afya.

"Sababu ya kuja" ndiyo ngumu. Ukiacha nafasi wazi, mtu ataandika kwamba ameishiwa na dawa za ARV, na maneno hayo yatasomwa na kila anayefungua orodha ya siku. Nimeweka machaguo: daktari wa kawaida, meno, mama na mtoto. Mengine atamwambia daktari mlango ukiwa umefungwa.

Sasa fuata jibu linakokwenda. Chora mishale kutoka simu ya mgonjwa hadi seva, kampuni ya kutuma SMS, barua pepe ya karani. Kila mshale unaotoka nje ya kliniki unahitaji mkataba wa maandishi. Seva ikiwa nje ya Kenya, data nyeti haiendi huko bila ridhaa ya mgonjwa na uthibitisho kwamba italindwa. Na SMS yenyewe isomeni kwa sauti! Simu nyingi huku kwetu hushikwa na watu wawili watatu nyumbani. Ujumbe utaje siku na saa, usitaje idara.

Kisanduku cha ridhaa kiwe tupu, mgonjwa akitie alama mwenyewe, na maelezo yawe kwa Kiswahili na Dholuo. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi.

Biashara ndogo yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii. Huduma za afya hazisamehewi, hata kliniki iwe na chumba kimoja.

Panga pia nani atampigia nani data ikivuja, kwa sababu Kamishna anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Na pale ambapo haki za watu ziko hatarini sana, ripoti ya tathmini ya athari, yaani madhara ambayo kazi hiyo inaweza kuwaletea, huwasilishwa kwake siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Mwenye kliniki alitaka kufungua mwezi ujao; tumesogeza tarehe.