Benki Ikikata Pesa Yako Kulipa Deni: Jinsi ya Kuidai

Pesa ya mauzo imeingia asubuhi, jioni akaunti imebaki tupu. Benki imejilipa. Wafanyabiashara wengi wanaonijia hapa Busia, Uganda, huwa wameshagombana na karani wa kaunta, naye hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na njia ninayoelekeza ni hii.

Hatua ya 1: Jua aliyekata ni nani

Si kila mkato ni wa benki. Huenda mtu aliyekushinda kesi amepata amri ya mahakama ya kukamata pesa zako zilizo benki. Huenda URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, imeiagiza benki ilipe kodi unayodaiwa. Kwa hayo mawili benki ni mtekelezaji tu: omba nakala ya amri au agizo, kisha ukapinge mahakamani au URA kwenyewe, tena upesi. Amri ya kwanza ya mahakama kwa kawaida huizuia pesa tu, na unapewa siku ya kujieleza kabla haijalipwa.

Ikiwa benki yenyewe ndiyo iliyojilipa, endelea.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Chukua tawini taarifa ya akaunti yenye muhuri, na taarifa ya mkopo peke yake. Tafuta mkataba wa mkopo, kurasa zote. Wengi wana ule wa kwanza na wa sahihi tu, na kipengele cha kukata pesa kimejificha katikati. Risiti za wakala zipige picha leo. Karatasi ile hufifia, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari haitasomeka tena.

Hatua ya 3: Pima kama benki ilikuwa na haki

Usiirukie barua kabla ya hapa. Kisheria benki inaweza kuchukua pesa yako iliyo kwake ikalipa deni lako, na mikataba mingi inarudia hivyo kwa maandishi. Lakini haki hiyo ina mipaka.

Kwanza, mwenye deni na mwenye pesa lazima awe mtu yule yule, kwa nafasi ile ile. Deni la mume halilipwi kwa akaunti ya pamoja na mkewe, ila kama wote wawili walikubali hivyo. Akaunti ya kikundi cha akiba si mfuko wa mwenyekiti, hata kama sahihi yake ndiyo ya kwanza kwenye hundi. Hili linaniuma kuliko yote, maana pesa ile ni ya kina mama waliochanga elfu mbili mbili. Kampuni iliyosajiliwa nayo ni mtu mbali na mkurugenzi wake. Duka lenye jina la biashara tu, bila kampuni, halina kinga hiyo: duka ni wewe.

Pili, deni liwe limeiva, yaani siku ya kulilipa imefika. Tuseme umechelewesha malipo mawili ya 400,000, nayo benki imekata 2,400,000, yaani salio lote la mkopo. Uliza: ni kipengele gani kinachoruhusu kudai mkopo mzima, na barua ya kunidai mkopo mzima iko wapi? Mdhamini naye aulize hivyo hivyo, kwani dhamana nyingi zinasema atalipa akishadaiwa.

Tatu, hesabu. Linganisha kila risiti na taarifa ya mkopo, mwezi kwa mwezi. Malipo yaliyopokewa na wakala bila kufika kwenye mkopo nimeyaona mara nyingi.

Ukikuta deni ni lako, limeiva, na kipengele ulikisaini, nakwambia wazi: kurudishiwa pesa ni vigumu. Nenda uombe kupangiwa upya malipo, na benki ikuachie mtaji wa kuzungusha.

Hatua ya 4: Andika barua

Iandike kwa meneja wa tawi. Ukiwaza kwa Kiswahili, iandike kwanza kwa Kiswahili, kisha mtu akuwekee kwa Kiingereza. Iwe fupi, mfano:

"Tarehe 4 mlikata sh. 2,400,000 kwenye akaunti yangu. Malimbikizo yangu siku hiyo yalikuwa sh. 800,000. Sikupokea barua ya kudaiwa mkopo mzima. Naomba mnirudishie sh. 1,600,000, au mnionyeshe kwa maandishi kipengele cha mkataba mlichotumia. Nasubiri jibu lenu ndani ya wiki mbili."

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo, hatua inayofuata haina miguu.

Hatua ya 5: Panda Benki Kuu

Wakikaa kimya au jibu lisiridhishe, lalamika kwa Benki Kuu ya Uganda, Kampala Road, au kwenye ofisi zake za mikoani kama Mbale. Taja Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Ambatanisha barua yenye muhuri, kwa sababu watakuuliza kwanza kama benki yako ilipewa nafasi ya kujibu. Aliyekukopesha akiwa mkopeshaji binafsi mwenye leseni, malalamiko yanakwenda UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo.

Hatua ya 6: Mahakamani

Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kusikilizwa na hakimu kwa utaratibu wa madai madogo, ambapo unajisemea mwenyewe bila wakili. Kabla ya kufungua, peleka notisi ya madai kwa benki. Karani wa mahakama atakupa fomu. Kwa dai kubwa zaidi ni vyema uwe na wakili, na asiye na uwezo aende Justice Centres Uganda, wanaotoa msaada wa kisheria bure, au FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa kina mama. Muda wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6, ila usiungoje. Siku ya kesi beba mkataba, taarifa zote mbili na barua yenye muhuri, vimepangwa kwa tarehe, kwa sababu hakimu atauliza kwanza siku pesa ilipokatwa na ulichokuwa unadaiwa siku hiyo.