Kabla Hujadai Fidia ya Ajali ya Barabarani Kenya

Jirani yetu alivunjika mguu akiwa abiria wa bodaboda. Siku ya tatu, bado yuko wodini, wenye pikipiki walimjia na pole nyingi, shilingi 15,000 na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: tumemalizana. Akatia sahihi. Miezi miwili baadaye daktari akamwambia chuma alichowekewa mguuni kitatolewa kwa upasuaji mwingine, na hapo ndipo familia ilipomtafuta wakili. Kitu cha kwanza wakili alichokitazama hakikuwa mguu, ilikuwa ile karatasi.

Kwa hivyo kabla ya jambo lingine lolote, usitie sahihi chochote hadi daktari aseme umepona kiasi gani na kipi kimebaki. Ni vivyo hivyo karatasi ikiletwa na mwenye gari au kampuni ya bima. Kukubaliana nje ya mahakama si vibaya, tena huenda kukakuokoa miaka ya kwenda na kurudi kortini, ila huwezi kupatana bei ya jeraha usilolijua mwisho wake.

Huku nyuma mtu wa nyumbani aende kituo cha polisi. Ajali ikiandikwa kwenye kitabu cha matukio mtapewa nambari ya OB. Baadaye ndipo mtaomba abstrakti ya polisi, yaani hati yenye muhtasari wa ajali. Isomeni palepale kaunta. Jina lako lipo kama majeruhi? Nambari ya usajili wa gari ni sawa, herufi kwa herufi? Kampuni ya bima na nambari ya hati ya bima zimeandikwa? Herufi moja iliyokosewa itakugharimu kikao kizima cha kesi, na wakili wa upande wa pili hataacha kuitumia. Fomu ya P3, ile ya polisi ambamo daktari huandika majeraha, nayo ijazwe mapema, vidonda vikiwa bado vinaonekana.

Ulizeni pia kama dereva ameshtakiwa, na katika mahakama gani. Watu wengi huiona kesi ya trafiki kuwa ya serikali, isiyowahusu. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, mtu akishahukumiwa kwa kosa na rufaa ikaisha au muda wake ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi tosha kwamba alilitenda. Kwa hivyo dereva aliyepatikana na hatia ya kuendesha ovyo hawezi kuja kwenye kesi yako ya madai na kukana kwamba aliendesha ovyo. Anachoweza kusema ni kwamba nawe ulichangia, kwa mfano hukuvaa helmeti, na hapo fidia hupunguzwa kwa asilimia ambayo mahakama itaona inafaa.

Nani hasa unamshtaki? Hapa ndipo kesi nyingi nzuri huzama. Jina lililochorwa ubavuni mwa matatu mara nyingi ni la sacco tu, yaani ushirika wa wenye matatu, na sacco si lazima iwe ndiyo mwenye gari. Dereva peke yake hana kitu. Unayemtaka ni mwenye gari, kwa kuwa ndiye anayewajibika kwa makosa ya dereva aliyemtuma, na ndiye mwenye bima. Omba nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na hayo maneno ya mwisho yana uzito wake: magari ya kuuziana bila kubadilisha jina yamejaa barabarani. Ukisikia tetesi za mauziano, mwambie wakili awaunganishe wote wawili, muuzaji na mnunuzi, katika kesi.

Kuhusu hela ulizotumia mahakama haina huruma. Gharama halisi lazima zitajwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe moja moja: risiti za hospitali, dawa, magongo, teksi ya kwenda kliniki. Dereva wa teksi hatoi risiti, basi mlipe kwa M-Pesa na uihifadhi taarifa. Upasuaji wa baadaye nao udaiwe tangu mwanzo, ukiungwa mkono na ripoti ya daktari inayotaja gharama. Kipato ni habari nyingine. Mama mboga na fundi wa mtaani hukata tamaa kwa sababu hawana hati ya mshahara, ilhali Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005, katika kesi ya seremala aliyefariki, kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha mapato. Mashahidi wanaoijua kazi yako wanatosha kuanzia.

Muda: miaka 3 tangu siku ya ajali kwa madai ya uzembe. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Watu wanaugulia nyumbani mwaka mzima, wakija kuamka wamechelewa.

Aliyefariki ana utaratibu wake. Familia hupata kwanza idhini ya mahakama ya kumwakilisha marehemu, na wategemezi wanaotambuliwa na Sheria ya Ajali za Vifo ni mke, mume, wazazi na watoto. Kaka na dada hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewasomesha, jambo linaloumiza familia zetu sana.

Mahakama ya Madai Madogo inavutia. Kikomo chake ni shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kwisha ndani ya siku 60. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana iwapo mahakama hiyo inaweza kuamua nani alisababisha ajali, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa ada. Mahakama ya hakimu ndiyo njia iliyozoeleka, na hakimu mkuu husikiliza hadi shilingi milioni 20.

Kampuni ya bima nayo ipewe notisi ya kesi. Mwambie wakili aitume kabla ya kufungua kesi, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kwenye faili, maana bila notisi kampuni itakwepa kulipa hata ukishinda. Jua pia kwamba bima ya lazima inamlipa mdai mmoja hadi shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo utamfuata mwenye gari mwenyewe.

Nimalizie na wale vijana wanaozunguka wodini na kadi za mawakili. Ni mabroka, na wakili anayeokota wateja kwa broka anavunja sheria ya taaluma yake. Makubaliano kwamba wakili atalipwa akishinda tu nayo ni batili chini ya Sheria ya Mawakili, ingawa utayasikia kila mahali. Mchague mwenyewe, hakikisha ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, muandikiane ada, na muulize waziwazi: hundi ikija, itaingia akaunti gani, na nitajuaje? Ukitoka ofisini kwake uwe na nakala ya kila karatasi uliyomwachia.