Jinsi ya kuandaa WordCamp mjini kwenu bila kuviziwa na mpishi

Juzi kuna dada wa Mwanza kanipigia, yeye na wenzake wanataka kuandaa WordCamp huko kwao. Tumeongea kama saa nzima na nusu ya hiyo saa ni habari za akaunti za benki tu. Nikaona bora niandike kabisa, maana najua wiki ijayo atapiga mwingine.

Kwa asiyejua, WordCamp ni mkutano wa watu wanaotengeneza tovuti kwa WordPress, ile programu ya bure ya kutengenezea tovuti. Wa kwanza ulifanyika San Francisco 2006 na mpaka leo unaandaliwa na watu wa mji wenyewe kwa kujitolea. Mwandaaji halipwi, mtoa mada halipwi, posho ya kikao hakuna. Hilo la posho liseme siku ya kwanza kabisa, usiwaache watu wakae vikao vitatu wakisubiri bahasha.

Hatua ya 1: Kikundi kwanza

Muwe mnakutana tayari, hata watu kumi na tano kila mwezi. Bila hivyo usihangaike na ombi.

Hatua ya 2: Ombi

Fomu iko central.wordcamp.org. Mtahojiwa, mtapewa mtu wa kuwaongoza, mtapewa na tovuti chini ya wordcamp.org. Menyu zinajieleza.

Hatua ya 3: Hela

Hapa kaa vizuri. Kwa kawaida hela za wadhamini na tiketi haziji kwenye simu yako, zinaenda WordPress Community Support kule Marekani, ambayo iko chini ya WordPress Foundation, na wao ndo wanamlipa mwenye ukumbi, mpishi na mchapa fulana moja kwa moja benki. Mimi naupenda huu utaratibu, hakuna wa kukunong'ona eti umejenga kwa hela ya mkutano. Ila sasa yule mpishi wako amezoea nusu mkononi kabla hajanunua mchele na nusu nyingine sahani zikikusanywa, ukimwambia hela inatoka Marekani anaona unamletea utapeli.

Mwaka tulioandaa sisi nilimbembeleza mama mmoja hodari wa pilau, akakubali, akanipa ankara yenye jina la biashara yake, nikaipakia kwenye mfumo na namba ya akaunti, nikalala usingizi. Kumbe akaunti ni ya jina lake mwenyewe, siyo la biashara. Malipo yakagonga mwamba. Siku tano nzima nikawa mtu wa barua pepe, wenzetu wanaamka sisi tunalala, kila swali moja linakula siku, na mama anapiga asubuhi na jioni, "Mwanangu, mchele naununua au siununui?" Jibu sina.

Kwa hiyo ankara uiombe kabla hata hamjakubaliana bei, halafu jina la juu ya ankara na jina la akaunti yafanane herufi kwa herufi, na usikubali akutajie kwa kukumbuka tu, muombe akupe karatasi ya benki uione kwa macho yako. Hakikisha alama ya utambulisho wa benki kimataifa, ile SWIFT, na tawi viko sahihi. Sarafu pia, kama ni shilingi iandikwe shilingi, ukichanganya na dola lazima urudi kuulizwa. Na hizi karatasi zianze hata kabla hamjapata mtoa mada mmoja, mtoa mada unaweza kumpata wiki ya mwisho, malipo ya benki hayaendi hivyo. Ukitoa mfukoni, hata sukari na ndimu, dai risiti ya mashine ndo udai urudishiwe, karatasi ya daftari iliyosainiwa na muuza duka itakusumbua.

Na mpishi asiyeweza kusubiri benki, muache hata kama pilau lake ni tamu. Naongea kwa uchungu.

Hatua ya 4: Watoa mada

Anayeuza themu (muonekano wa tovuti) au plagini (nyongeza za WordPress) zake lazima ziwe na leseni ya GPL, ile inayomruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza, hapo hakuna mjadala. Mdhamini unampa meza na nembo, maiki hainunuliwi. Mada dakika 30 zinatosha. Na maonyesho ya moja kwa moja kwa intaneti ya ukumbi mimi nakataa, waambie waweke WordPress kwenye laptopu zao wafanyie humohumo.

Hatua ya 5: Mlangoni

Chapa majina kwenye karatasi kwa alfabeti, kalamu mbili, basi. App za kuskani tiketi sizitaki, umeme ukikatika na rauta inazima, foleni inafika barabarani.

Hatua ya 6: Siku ya kuchangia

Hii ni siku ya kuisaidia WordPress yenyewe kwa kazi, siyo kwa hela. Wengi wanaiacha, mimi ndo naipenda kuliko zote. Kaeni mtafsiri WordPress kwa Kiswahili pale translate.wordpress.org, haihitaji kujua kuandika programu. Akaunti za WordPress.org wafungue nyumbani jana yake, siyo watu thelathini kwa mpigo kwenye rauta moja. Waambie pia tafsiri haitokei hapohapo, inasubiri mhariri aipitishe, maana kuna kijana wetu alitafsiri maneno arobaini akadhani yamefutwa yote, akafunga laptopu akaenda kula. Na wakikutana na %s ndani ya sentensi waiache kama ilivyo, hapo ndo linakuja kukaa jina la mtu au la faili.