Jinsi ya Kuomba Utafiti Binafsi chini ya Profesa kwa Wanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta wa MIT

Mpango wa UROP, unaomwezesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti chini ya uangalizi wa profesa, ulianzishwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) mwaka 1969 na Margaret MacVicar, aliyekuwa akifundisha fizikia hapo, na leo sehemu kubwa ya wahitimu wa taasisi hiyo wamewahi kuupitia angalau mara moja. Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, hasa waliotoka Afrika Mashariki, ambako kwa kawaida mradi hufanywa mara moja tu, katika mwaka wa mwisho, na mara nyingi idara ndiyo inayompangia mwanafunzi msimamizi. Katika UROP hakuna anayepangiwa msimamizi. Mwanafunzi humtafuta mwenyewe, wakakubaliana juu ya kazi, na fomu hujazwa baada ya hapo; anayeanza kwa kufungua fomu atakuta nafasi nyingi hana cha kuandika.

Kumpata msimamizi

Nafasi nyingine hutangazwa na maabara kwenye jukwaa la ELx la taasisi, na kila idara ina mratibu wa UROP anayeweza kumwelekeza mwanafunzi asiyejua pa kuanzia. Hata hivyo, kazi nyingi katika CSAIL, maabara kubwa ya sayansi ya kompyuta na akili mnemba iliyomo katika jengo la Stata, hazitangazwi popote. Zinapatikana kwa kuandika barua pepe. Someni kwanza ukurasa wa kikundi cha utafiti na makala moja au mbili za karibuni, kisha andikeni barua fupi inayotaja makala mliyosoma, swali moja ambalo makala hiyo imewaachia, masomo mliyokwisha kufaulu yanayohusika, na saa mnazoweza kutoa kwa wiki. Ambatisheni wasifu. Barua moja iliyonakiliwa kwa maprofesa ishirini hutambulika kwa mistari yake miwili ya mwanzo, na haistahili kujibiwa.

Hapa wanafunzi wetu wengi hukwamishwa na adabu. Tumelelewa kumsubiri mkubwa atuite, na kumwandikia profesa mara ya pili baada ya wiki moja ya kimya huonekana kama kumsumbua. Kwa mazingira ya huko si usumbufu, mradi ukumbusho uwe mfupi na wa heshima. Inasaidia pia kumwandikia mwanafunzi wa uzamivu aliye katika kikundi hicho, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye atakayekaa nanyi kila wiki. Kanuni inatenganisha majukumu hayo mawili: profesa, au mtafiti mkuu mwenye hadhi inayolingana, ndiye anayeidhinisha na kuwajibika, ilhali msimamizi wa kila siku anaweza kuwa mtu mwingine wa maabara.

Mwanafunzi anaweza kujiunga na kazi inayoendelea au kuleta wazo lake, lakini wazo lake nalo lazima lipate profesa wa kulisimamia. Kwa namna yoyote, kazi iwe ya kiakili; mpango haukuundwa ili maabara ipate mtu wa kutoa nakala na kupanga faili.

Kulipwa, yuniti au kujitolea

Kabla ya kuandika andiko, yaani pendekezo la mradi mtakalowasilisha, amueni namna ya kushiriki. Ziko tatu: kulipwa kwa saa, kupata yuniti za masomo, au kujitolea. Kazi ileile haiwezi kulipwa na papo hapo kuhesabiwa yuniti. Malipo hutoka ama katika fedha za utafiti za profesa, ama katika ofisi ya UROP yenyewe. Njia hii ya pili huhitaji andiko lililoshiba zaidi, kwa kuwa wanaolisoma huamua nani apewe fedha.

Anayechagua yuniti hujisajili katika somo la utafiti la idara, 6.UR kwa Idara ya Uhandisi wa Umeme na Sayansi ya Kompyuta. Yuniti moja ya MIT huhesabiwa kuwa takriban saa 14 za kazi katika muhula, kwa hiyo anayepanga saa 9 kwa wiki anaomba yuniti 9 hivi. Ushauri wangu ni kwamba muhula wa kwanza wa utafiti ufanywe kwa yuniti ikiwa hali ya fedha inaruhusu, kwa sababu idadi ya yuniti humlazimisha mwanafunzi na msimamizi kukubaliana mapema kuhusu ukubwa wa kazi na ripoti itakayotolewa.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni nchini Marekani, azingatie jambo la ziada. Wakati wa muhula, kazi ya malipo chuoni haizidi saa 20 kwa wiki, zikijumlishwa zote, zikiwemo za maktaba au za kusahihisha mazoezi. Kabla ya kulipwa, lazima pia kukamilisha fomu ya I-9, inayothibitisha utambulisho na ruhusa ya kufanya kazi Marekani, kwa nyaraka halisi, na anayeajiriwa Marekani kwa mara ya kwanza aombe namba ya hifadhi ya jamii. Taratibu hizi huchukua muda, na ni afadhali kuzianza mara tu barua ya kazi inapopatikana.

Kuandika andiko

Andiko la UROP ni fupi, na ufupi huo ndio unaolifanya kuwa gumu. Linaeleza mambo manne: mradi unahusu nini, mwanafunzi mwenyewe atafanya nini ndani yake, anatarajia kupata matokeo gani mwishoni mwa muhula, na kwa nini kazi hiyo inamvutia. Maandiko mengi dhaifu hueleza la kwanza kwa kurasa na la pili kwa sentensi moja.

Chukulieni mfano wa mwanafunzi anayetaka kushughulikia utambuzi wa sauti kwa Kiswahili. Akiandika kwamba "atajenga mfumo wa kutambua Kiswahili", ameomba kazi ya miaka, na profesa makini atamrudishia. Akiandika kwamba atachukua rekodi za Kiswahili zilizo wazi katika mkusanyo wa Common Voice, atapima mfumo uliopo kwa kipimo cha makosa ya maneno na kwa kipimo cha makosa ya herufi, kisha atalinganisha vipimo hivyo viwili, ameomba kazi ya muhula mmoja. Tena ana sababu ya kitaalamu ya kufanya hivyo: kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi, hivyo mfumo uliosikia "wanaosoma" badala ya "wanaposoma" umekosa neno zima kwa kipimo cha kwanza, na herufi moja tu kwa cha pili. Swali hilo ni dogo, lina jibu linalopimika, na likijibiwa huzaa la muhula unaofuata.

Katika sehemu ya majukumu, tajeni kazi kwa wiki: wiki za mwanzo kusoma na kusafisha data, zinazofuata kuandika programu na kufanya majaribio, za mwisho kuchambua na kuandika. Elezeni pia mtakutana na msimamizi mara ngapi.

Kama utafiti unahusisha watu, hata kwa kuwahoji tu au kurekodi sauti zao, upelekwe kwanza kwa COUHES, kamati ya MIT inayosimamia utafiti unaohusu binadamu, na mwanafunzi amalize mafunzo yanayohusika kabla ya kumgusa mshiriki wa kwanza. Anayekusudia kukusanya sauti nyumbani wakati wa likizo ajue kwamba kibali cha chuo hakiondoi cha nchi: Kenya leseni ya utafiti hutolewa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na Tanzania Bara kibali hushughulikiwa na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na nchi zote mbili zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Kwa mradi wa kwanza, rekodi zilizokwisha kukusanywa kwa ridhaa zinatosha.

Kuwasilisha

Andiko huingizwa katika mfumo wa UROP mtandaoni, likapita kwa profesa msimamizi na kisha kwa mratibu wa idara. Tarehe za mwisho hutangazwa kwa kila muhula, na zinaweza kutofautiana kulingana na namna ya kushiriki. Mpeni msimamizi rasimu angalau wiki moja kabla, kwa kuwa atakuwa na maandiko mengine mezani, na msianze kuhesabu saa za malipo kabla ya idhini kukamilika.

Mwishoni mwa muhula hujazwa tathmini, na aliyechukua yuniti hukabidhi ripoti yake kama idara inavyoagiza. Anayetaka kuendelea huwasilisha andiko jipya hata kama maabara ni ileile. Kwa walio katika mwaka wa tatu au wa nne wanaotaka kazi ya mwaka mzima, Idara ya Uhandisi wa Umeme na Sayansi ya Kompyuta ilianzisha SuperUROP mwaka 2012, yenye semina ya 6.UAR ya kufundisha uandishi na uwasilishaji wa utafiti. Maombi yake ni tofauti na haya, nayo humfaa zaidi aliyekwisha kufanya UROP ya kawaida.